Kidole cha Tisa

Alhamisi, saa moja jioni, juu ya duka la dawa
pale Chiatura, mji ulioning'inia bondeni
kwa nyaya za vigari vipandishavyo wachimbaji,
tunakaa watu saba kwenye viti vya watoto,
magoti yakiinua meza,
na Mwalimu Lamara anatugawia mistari minne.
Basi. Minne tu, kwa saa mbili nzima.

     Mlango umefunguliwa,
     theluji imekwisha ingia,
     imekaa kitini pako,
     haijasema lolote

Ilikutwa, anasema, nyuma ya hati ya mshahara.
Haina jina. Msiniulize nani. Niulizeni nini.

Mimi nilifuata cheti.
Nikadaka upesi: tashihisi! Theluji inakaa,
theluji inanyamaza, kama mtu.
Nikapiga mstari, nikafunika kalamu.
Lamara akanitazama kama daktari amtazamavyo
mgonjwa aliyekuja na jina la ugonjwa
lakini hataki kuvua shati.
"Umeitaja. Sasa isome. Kama mtu gani?"

Sikuwa na mtu.

Tukarudi mwanzo. Umefunguliwa.
Si umefunguka, tukaulaumu upepo.
Upo mkono hapo, umefichwa ndani ya kitenzi,
na nyuma ya mkono mtu mzima
amesimama kizingitini na soksi.
Badri, mwendesha kigari wa zamu ya usiku,
asiyesema mpaka aulizwe mara mbili,
akasema: "Theluji haikai kitini.
Huyeyuka. Isipokuwa nyumba haina moto.
Isipokuwa mlango uko wazi tangu jana."
Hakutumia istilahi hata moja.
Chumba kikapoa.

Halafu pako. Silabi mbili,
tulizipita mara tano kama mtu apitavyo
kilango cha jirani. Kumbe kuna anayeambiwa,
na kiti ni chake,
na aliyekikalia siye.

Gocha fundi bomba huhesabu mizani kwa vidole.
Anavyo tisa; cha kumi kilibaki kwenye mashine
mgodini, mwaka ule wa mgomo.
Mstari wa kwanza: vidole vyote vikalala.
Wa pili, vyote. Wa tatu, vyote.
Wa nne akafika mwisho
na kidole kimoja kikabaki kimesimama.
Akahesabu tena. Akanionyesha, kama mtoto
aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Kakosea," nikanong'ona.
"Au," akasema Lamara, ambaye husikia kila kitu,
"hapo ndipo theluji ilipokuwa iseme."

Hakuna aliyecheka. Gocha hakukikunja kile kidole.
Na nukta nayo haipo, mkitazama.
Mlango haujafungwa hata na mwandiko.

Sijui kama aliyeandika alikusudia.
Pengine karatasi ilimwishia, pengine king'ora kililia.
Nilimuuliza Lamara ngazini, akivaa glavu.
Akasema, "Swali zuri," akaenda zake,
na mpaka leo namdai.

Nyumbani mama alikuwa anamenya vitunguu saumu,
redio chini, mgongo kwangu.
Miezi kumi na mmoja sasa kaka yangu Vazha
anafunga kuku kwenye maboksi huko Polandi;
hupiga simu Jumapili, na huwa na haraka.
Bila kugeuka mama akauliza:
"Umefunga mlango?"

Maneno mawili. Nimeyasikia tangu nizaliwe
nayo nimeyajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mama.
Usiku ule nikasimama na koti langu
nikayasoma. Hakusema funga.
Sauti ilipanda mwishoni,
ikakaa huko juu, peke yake.
Hajaniuliza kuhusu mlango
tangu majira ya baridi yaliyopita.

"Bado," nikasema.
Kisu kikatulia juu ya ubao.
"Basi uache," akasema, "uache kidogo,"
na theluji ilikuwa haijaanza.